Ubao wa mawimbi wa saipresi na stairofomu: shajara ya karakana, Malindi

Jumamosi, 22 Februari

Leo nimeupasua kwa msumeno ule ubao uliovunjika, wa kutelezea mawimbini. Mgeni mmoja aliuacha hapa karakanani miaka miwili iliyopita, vipande viwili, akaniambia nikiweza kuurekebisha ni wangu. Sikuurekebisha. Vitanda na makabati ya watu havikunipa nafasi, ukabaki umesimama nyuma ya mlango ukikusanya vumbi la randa.

Ndani hamna maajabu. Povu la manjano lililokauka, kijiti chembamba cha mbao kimepita katikati kama uti wa mgongo, na juu yake ngozi ya faibaglasi nyembamba kama kadi ya benki. Pale mguu wa nyuma unapokanyaga pamejaa mabonde ya visigino, mfano wa sufuria ya bati iliyogongwagongwa. Nimebonyeza kwa kidole gumba, na ngozi ikabonyea, ikaachana na povu.

Nataka kujenga wangu, namna nyingine: moyo wa stairofomu, ngozi ya mbao nyembamba juu na chini, mbao tena pembeni, na nje faibaglasi nyepesi ya kuzuia maji tu. Australia na California wapo watu wanaojenga hivi miaka mingi. Mimi ni seremala, mbao nazijua. Hilo povu ndilo geni kwangu.

Majina nimeazima kwa vyombo vyetu, maana hakuna sababu ya kuhangaika na yanatosha. Mbele ni omo, nyuma ni tezi. Unaposimama ni mgongo, panapogusa maji ni tumbo, kingo ni mbavu. Namna omo na tezi zinavyonyanyuka juu ya usawa nitaiita mpindo. Urefu futi 6 na inchi 4, upana inchi 21 na nusu, unene katikati inchi 2 na robo tatu. Omo inyanyuke inchi 4 na nusu, tezi inchi 2. Mimi nina kilo 82 na umri wa kuteleza kwenye kijiubao cha kitoto umeshanipita.

Jumatano, 26 Februari

Majaribio juu ya matofali mawili, yametengana futi moja na nusu.

Kipande cha stairofomu tupu cha inchi 2: nimekanyaga, kikakatika kama mkate mkavu. Kipande cha saipresi cha milimita 3: kikajikunja mpaka kikabusu sakafu. Kisha kile nilichokigundisha juzi, stairofomu ileile katikati ya vipande viwili vya saipresi ileile. Nimesimama juu yake. Nimeruka. Mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na mitano asiyekosa kwenye vituko, akapanda nyuma yangu akanikumbatia kiunoni tusianguke. Hakikulia hata kidogo.

Nimekaa nacho mchana kutwa nikikigeuzageuza. Ukisimama juu, ngozi ya juu inabanwa na ya chini inavutwa. Mbao hizo mbili ndizo zenye kazi. Povu limewekwa pale kuzitenga tu, moja isiisogelee mwenzake wala kuteleza juu yake, na linaweza kuwa jepesi kiasi chochote mradi lisiachie. Basi kila kitu kiko kwenye gundi.

Gundi nayo ina mkasa wake. Jirani wa maboti ya faibaglasi alinipa kikombe cha resini ya poliesta. Nikamwaga kijiko kimoja juu ya stairofomu, nikageuka kufunga kopo. Niliporudisha macho palikuwa na shimo la kuingia yai. Poliesta huyeyushwa kwa kemikali iitwayo stairini, na stairofomu yenyewe imeundwa kwa stairini hiyohiyo, kwa hiyo inakula jamaa yake. Epoksi, resini ya aina nyingine, haina tabia hiyo. Bei yake ndiyo ilinifanya nikae chini kwanza, lakini nimeagiza.

Shimo hilohilo, kwa namna fulani, ndilo lililozaa ubao wa aina hii. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kule California, Bob Simmons, mjenzi wa mbao za mawimbi, alijaribu povu la polistairini, ndiyo stairofomu hii, ndani ya mbao hizo, na resini ya zama zile ikawa inalila. Akalivika plaiwudi juu na chini, pembeni akatia balsa, mti mwepesi sana, ndipo akapaka resini nje bila hofu. Maji yakamchukua mwaka 1954 huko San Diego akiwa mawimbini. Huwa namfikiria: alitafuta kinga ya povu, akajikuta ameshika nguvu ya ubao.

Jumamosi, 8 Machi

Stairofomu imefika na lori la vifaa vya ujenzi kutoka Mombasa. Vipande viwili vya futi 8, unene inchi 4 kila kimoja, ile ya kilo 16 kwa mita moja ya ujazo. Kwa mpindo ninaoutaka nahitaji bonge la inchi 8, hivyo vipande vyapaswa kupandana.

Hapa niliponea. Waya wa moto hukata povu kama siagi lakini haukati gundi. Ukifika kwenye gundi iliyokauka unakwama, na huku umekwama povu la pembeni linaendelea kuyeyuka, ukija kushtuka una mfereji. Basi nikachora umbo la ubao ubavuni mwa bonge kwanza, nikatia gundi kwenye pembe tu, sehemu zitakazokatwa zikatupwa. Katikati hakuna tone. Maungio ya ndani yatakuja kugundishwa baadaye, ubao ukishalala.

Waya ni wa nikromu, umevutwa kwenye upinde wa mbao kama wa kuwindia ndege, umeme wa betri ya gari. Kila ubavu wa bonge nimepigilia kielelezo cha plaiwudi chenye alama 1 mpaka 20. Mimi upande huu, mpwa wangu upande ule, kila mmoja anataja namba anayoipita, maana akitangulia mmoja waya unakwenda mshazari.

"Kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Usikimbie."

"Wewe ndiye umelala, mjomba."

Ni Ramadhani, saa tisa alasiri, na kwa kweli nilikuwa nimelala kidogo. Kata ya chini imetoka safi. Ya juu ina wimbi dogo karibu na namba 14, nimeliondoa kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao mrefu. Kipande kilichobaki chini ya umbo sikukitupa: kina mpindo uleule wa tumbo, basi ndicho kitanda cha kulalia ubao wakati wa kugundisha ngozi.

Jumapili, 16 Machi

Ngozi. Balsa sijaiona ikiuzwa hapa, nikachagua saipresi, ambayo kila duka la mbao linayo na haina kiburi kwenye msumeno. Nimezipasua kwa milimita 4, nikazipitisha mashine ya randa zikafika 3. Vipande tisa ubavu kwa ubavu kwa kila ngozi, vimeungwa kwa gundi nyeupe juu ya nailoni. Kasoro ya saipresi ni vifundo. Kwa unene huu kifundo hakishiki, kinadondoka na kuacha dirisha. Nimeziba madirisha sita. La saba nimeliona baada ya gundi kukauka, nikalitukana kimoyomoyo, swaumu isiharibike.

Hesabu ya uzito: eneo la ubao ni kama mita 0.77 za mraba kila upande, hivyo ngozi mbili za saipresi ni karibu kilo 2. Povu lote kilo 0.6. Ndiyo kusema mavazi yamemzidi mwenyewe uzito mara tatu.

Alhamisi, 20 Machi, usiku

Kugundisha ngozi ya tumbo. Nimengoja baada ya tarawehe kwa sababu ya joto. Epoksi huzalisha joto lake yenyewe, na hewa ikiongezeka nyuzi 10 muda wa kuichezea hupungua karibu nusu. Mchana wa Machi hapa kwetu ungenipa dakika chache kisha kikombe kingetoa moshi.

Hakuna jiriwa za kubana kitu cha futi sita chenye mpindo, kwa hiyo hewa ndiyo inabana. Ubao, ngozi na kitanda vyote vinaingia kwenye mfuko wa nailoni nene, ile inayotandikwa chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege, kingo zimezibwa kwa utepe na silikoni. Kompresa ya friji kuukuu inavuta hewa kutoka ndani. Juu ya ngozi nimetandika blanketi la zamani ili hewa ipate njia ya kupita kila pembe.

Fundi friji aliyeniuzia kompresa alisifu kwamba inavuta mpaka mwisho wa geji. Ni kweli, na ndiyo hatari yake. Wiki jana niliijaribu kwa kipande cha povu bila kuizuia, ikakifinya kikawa na makunyanzi kama embe lililosahaulika juani. Hewa yote ikitoka mfukoni, hewa ya nje hukandamiza kwa karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba, na povu hili haliwezi mzigo huo. Nimefunga kibomba kidogo kinachovujisha kwa makusudi, nikakizungusha mpaka geji ikatulia kwenye inchi 8 za zebaki, kipimo cha nguvu ya kuvuta hewa. Hata hapo mzigo juu ya ubao mzima ni kama tani 2. Tani mbili, na karakana kimya, sauti ni ya friji tu. Mfuko umejibana ukashika kila mshono.

Saa nane stima ikapotea. Nilifunga bomba, nikakaa chini nikiangalia sindano ya geji kwa tochi ya simu: nane, saba, sita na nusu. Ilirudi kabla haijafika tano. Nikala daku palepale.

Jumamosi, 22 Machi

Mzee mmoja aliyewahi kuunda majahazi hupita hapa jioni kununua vumbi la mbao la kuku wake. Nilikuwa nimeutoa ubao kwenye mfuko, tumbo limeshikana barabara, nimefurahi kama mwenye mtoto mchanga.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba." Akasimama upande wa tezi, akafumba jicho moja, akachuchumaa, akafumba lile jingine. Hakuugusa. "Chombo chako kimelalia ubavu, na maji hakijayaona."

Nikaleta vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja nikakilaza karibu na omo, kingine karibu na tezi, nikachungulia juu yake. Kweli. Vijiti havikuwa sambamba; omo imejisokota, upande wa kulia uko juu kwa milimita 9. Mimi nilipima mpindo mara nne na sikupima hilo hata mara moja. Kosa ni sakafu. Kitanda cha povu nilikilaza juu ya saruji ya karakana ambayo najua haiko sawa, kwa kuwa kila kabati ninalounda hapa nalisimamisha kwa vipande vya kadibodi chini ya miguu. Makabati nayahesabia, ubao sikuuhesabia.

Nilimuuliza kama nianze upya. Akaniuliza ngozi ziko ngapi. Moja. "Basi bado ni mkeka. Mkeka waukunja utakavyo. Ukitia ya pili ndipo umeufunga." Akabeba gunia lake akaenda zake.

Nimeushika omo na tezi nikausokota taratibu kinyume: unakubali. Amesema kweli. Upande mmoja wa ngozi haushikilii umbo, zinashikilia mbili kwa pamoja, lilelile la matofali, ila sikuwa nimeliona kwa upande huu.

Jumamosi, 5 Aprili

Idd imepita, nguvu zimerudi. Kwanza mbavu: vipande vitano vya saipresi vya milimita 4 kila upande, vimegundishwa kimoja juu ya kingine kufuata mkunjo wa ubao, na randa imekula karibu nusu yake kuvipa mviringo. Kwenye tezi, panapogongwa kila siku, nimetia kipande cha mbambakofi kutoka kwenye taruma la jahazi lililovunjwa. Kigumu hicho! Patasi niliinoa mara tatu.

Halafu ngozi ya mgongo. Safari hii nimejenga meza: mbao mbili za mvule zilizonyooka, zimekaa juu ya kabari, zimepimwa kwa pima maji na uzi. Kitanda juu yake. Upande wa kulia wa omo nimeushusha kwa kabari milimita 10, moja zaidi ya kosa, kwa kuwa ubao hurudi kidogo ukitoka mfukoni. Geji inchi 8, kwa muda wa saa kumi.

Vijiti vimelala sambamba. Nimechungulia, mpwa wangu amechungulia, mke wangu ameitwa kutoka jikoni akachungulia pia akasema anaona vijiti viwili, sasa nini.

Jumamosi, 17 Mei

Masika yalinisimamisha wiki tano. Faibaglasi nimeitia usiku wa juzi mvua ilipokatika, kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, epoksi ya kukilowesha tu. Nimepaka jioni joto likishuka. Ukipaka asubuhi povu linapata moto, hewa iliyo ndani inapanuka na kutokea kwenye kila tundu la mbao, unapata ngozi yenye upele. Mapovu hayakutoka. Ila unyevu ulinifanyia lake: asubuhi uso wote ulikuwa na utando wa mafuta, unateleza kama sabuni. Resini ikikauka kwenye hewa yenye maji hutoa jasho hilo. Ukiupiga msasa unaupaka kila mahali. Dawa yake ni maji ya vuguvugu na kitambaa kikavu, kisha msasa.

Rangi ya saipresi chini ya epoksi imekuwa ya asali. Madirisha ya vifundo yanaonekana yote saba.

Jumamosi, 14 Juni

Mapezi matatu ya plaiwudi yamekaa. Tundu la kupumulia limewekwa karibu na omo: bolti ya shaba na oringi ya mpira. Stairofomu ina hewa katikati ya chembe zake. Ubao ukikaa juani hewa hiyo inatafuta pa kutokea, na isipopata inainua ngozi. Leo tuliuegemeza ukutani nusu saa bolti ikiwa imekazwa. Mpwa wangu alipoilegeza ilipiga mluzi kama tairi la baiskeli. Kanuni: nchi kavu legeza, majini kaza. Nimeiandika kwa peni kwenye mgongo wa ubao kwa sababu namjua.

Mizani ya mchuuzi wa samaki: kilo 5.4. Ule uliovunjika, vipande vyote viwili, ni 3.1. Sikutarajia kushinda, lakini nilitarajia 5.

Jumamosi, 12 Julai

Ghuba ya Malindi, saa moja asubuhi, maji yakipwa, upepo wa kusi haujaamka. Mwezi huu mawimbi yanaingia ghubani wazi kwa kuwa hapa hakuna mwamba wa kuyavunja nje kama kule Watamu, na kusi limeyasukuma maji mekundu ya mto Sabaki kuelekea Mambrui.

Mawimbi matatu ya kwanza yalinitupa, na la pili lilinionyesha kilo 5.4 zina maana gani zikikufuata kwa kasi. La nne lilinibeba. Ubao mzito hauondoki haraka, lakini ukishaondoka haukatiki. Unapita juu ya maji yaliyovurugika bila kutetemeka, mahali ambapo mwepesi ungepigapiga kama kifuniko cha sufuria. Kugeuka ni kazi. Nilikwenda moja kwa moja mpaka mchangani mara nyingi kuliko nitakavyokubali mbele ya watu. Haukuvuta kulia wala kushoto.

Visigino havikuacha alama. Nimekagua mgongo mzima kwa mwanga wa pembeni: hakuna bonde.

Jumamosi, 19 Julai

Mizani: kilo 5.9. Umekunywa nusu lita.

Bolti nzima, mapezi mazima. Nimeufuta, nikaupaka maji ya sabuni, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli kwenye tundu la kupumulia. Mapovu madogo yametoka mahali pamoja, inchi tatu kutoka omo, ubavu wa kushoto, pale ngozi ya mgongo inapokutana na mbavu. Ni dirisha la saba. Nililiziba kwa haraka siku ile kwa vumbi na gundi nyeupe, na gundi nyeupe maji huilainisha. Faibaglasi juu yake imepasuka kama unywele.

Nimetoboa kwa keekee tundu la milimita 5 hapohapo, nimeutundika darini omo ikitazama chini, sufuria chini yake. Tone la kwanza nililionja. Chumvi.

Jumamosi, 26 Julai

5.6. Matone yamekoma Jumatano lakini tundu bado lina unyevu nikitia kijiti. Sitaziba kabla haujarudi 5.4. Mpwa wangu amekwisha chora kwenye kipande kilichobaki cha stairofomu ubao wa futi 5 na inchi 8, na ameniuliza kama milimita 2 za ngozi zingetosha kwa mtu wa kilo 50. Nimemwambia alete matofali mawili.